Umelipa nauli, kitanda huna: kuielewa reli ya India

Mwanafunzi wa kwetu anayesoma Pune, au mtu aliyempeleka mgonjwa wake Chennai, akikata tiketi ya treni ya India kwa mara ya kwanza hukutana na jambo asilolizoea. Amechagua treni, amelipa nauli yote, hela imeshatoka kwenye simu na tiketi imeingia. Lakini pale alipotarajia kuona namba ya behewa na ya kitanda, pameandikwa WL 47. Maana yake ni kwamba treni ipo, hela yako tumeipokea, nawe ni mtu wa 47 katika foleni ya wasiokuwa na nafasi.

Swali linakuja lenyewe. Nchi hii ina mtandao wa reli wa karibu kilomita 69,000, stesheni zaidi ya 7,000 na wafanyakazi wapatao laki kumi na mbili. (Laki tunayohesabia sisi ndiyo hiyo hiyo yao, neno lilivuka Bahari ya Hindi zamani, pamoja na neno gari.) Kwa siku moja husafirisha watu wanaokaribia au kuzidi milioni 20. Inakuwaje reli kubwa namna hiyo ikose kitanda kimoja cha kwenda Delhi?

Makala nyingi kuhusu reli ya India huorodhesha maajabu. Jukwaa la stesheni ya Hubballi lina urefu wa mita 1,507 na hakuna refu zaidi duniani; treni ya Vivek Express kutoka Dibrugarh hadi Kanyakumari husafiri zaidi ya kilomita 4,100 na abiria wake hulala njiani siku tatu na ushee. Ni kweli, na yanapendeza kusoma. Ila ukitaka kuielewa reli yenyewe, fuata ile WL 47 mpaka mwisho wake. Inapitia kwenye nauli, kwenye makaa ya mawe, kwenye maamuzi ya watawala wa karne ya kumi na tisa, na hata kwenye reli ya Mombasa.

Herufi kwanza, namba baadaye

Tiketi ya safari ndefu ina hali tatu. CNF ni kwamba kitanda unacho. RAC ni kwamba unaruhusiwa kupanda, lakini kitanda kimoja cha chini cha ubavuni mmepewa watu wawili. Mtakikalia pamoja, huyu upande huu na yule upande ule, mpaka mkaguzi wa tiketi agundue kwamba kuna aliyekata tiketi na hakutokea, ndipo mmoja wenu ahamishiwe kwenye kitanda chake. WL ni kusubiri, na kwa kanuni huna ruhusa ya kuingia behewa la vitanda ukiwa na tiketi hiyo.

Mara nyingi utaona namba mbili, kwa mfano WL 47/WL 12. Ya kwanza ni nafasi yako siku uliyokata, ya pili ni nafasi yako sasa. Foleni inasogea kwa sababu watu wanaahirisha safari zao. Saa kadhaa kabla ya treni kuondoka hutolewa chati ya abiria, na hapo mambo huwa yamekwisha: ulikata mtandaoni na bado uko WL, tiketi inajifuta yenyewe na hela inarudi, imekatwa ada ndogo.

Linalowachanganya wageni ni kwamba foleni si moja. Treni inayopita stesheni 40 haiuzi vitanda vyake vyote kwa watu wa stesheni ya kwanza, inavigawa mafungu. Anayepanda inakoanzia treni husubiri kwenye fungu kubwa, nalo huandikwa GNWL. Anayepanda katikati ya njia husubiri kwenye fungu la RLWL, ambalo vitanda vyake ni vichache na husogea polepole. Kuna na PQWL, fungu linalochangiwa na stesheni kadhaa ndogo. Ndiyo maana mtu mwenye GNWL 60 anaweza kulala kitandani usiku ule, na mwenye RLWL 8 akabaki amesimama stesheni na begi lake. Soma herufi kabla ya kusoma namba.

Aliyechelewa ana mlango wa Tatkal, neno lenye maana ya papo hapo, ulioanzishwa mwaka 1997. Sehemu ya vitanda hufichwa hadi siku moja kabla ya safari, kisha huuzwa kwa bei ya juu: saa nne asubuhi vya mabehewa yenye kiyoyozi, saa tano vya yasiyo nacho. Huisha kwa dakika chache. Na uko mlango mwingine ambao wengi wetu hatuujui: mwenye pasipoti ya kigeni ana fungu lake kwenye baadhi ya treni, na anaweza kukata mwaka mzima kabla, wakati mwenyeji tangu Novemba 2024 hukata siku 60 tu kabla. Stesheni ya New Delhi ina ofisi maalumu ya wageni, ghorofa ya kwanza. Kama una mgonjwa na unajua tarehe ya daktari, usisubiri dakika za mwisho. Ulizia fungu hilo mapema.

Mapato ya abiria hayafiki

Lakini kwa nini foleni ipo? Jibu la juu juu ni kwamba nauli ni rahisi mno kulingana na wanaoitaka. Tiketi zenyewe zilichapishwa maneno kwamba nauli hulipa kwa wastani asilimia 57 tu ya gharama ya safari. Hebu fikiria basi la mkoani likuandikie hivyo kwenye tiketi. Treni za mjini Mumbai zinaanzia rupia 5. Julai 2025 nauli ilipopandishwa, abiria wa treni za masafa katika mabehewa yasiyo na kiyoyozi aliongezewa paisa moja (paisa 100 ni rupia moja) kwa kilomita. Kwa safari ya kilomita 1,000 hiyo ni nyongeza ya rupia 10, na bado lilikuwa jambo la kutangazwa na kujadiliwa nchi nzima.

Hofu ya kupandisha nauli ina mizizi. Kuanzia 1924 reli ilikuwa na bajeti yake peke yake, inayosomwa bungeni mbali na bajeti ya serikali. Kila mwaka waziri wa reli alisimama mbele ya taifa na kutaja nauli. Waziri gani angependa kukumbukwa kwa kuipandisha? Bajeti hizo mbili ziliunganishwa mwaka 2017, lakini mazoea ya miaka zaidi ya 90 hayafutwi kwa sheria moja.

Mimi siioni nauli hiyo kuwa kosa. Kibarua wa Bihar anayefuata kazi ya ujenzi Kerala, mwisho mwingine wa nchi, hana usafiri mwingine anaoumudu. Behewa lake ni lile lisilo na nafasi za kukatwa mapema, ambalo tiketi zake huuzwa bila kikomo: mnaingia mnavyoweza, mnakaa mnavyoweza. Na huko ndiko waliko wengi. Tunapotaja abiria milioni 20 kwa siku, zaidi ya nusu yao ni watu wa treni za mjini, waendao kazini na kurudi. Mumbai peke yake ni zaidi ya milioni 7. Kwenye saa za msongamano wahandisi wamepima watu 14 hadi 16 waliosimama katika mita moja ya mraba, na kila mwaka watu zaidi ya 2,000 hufa kwenye njia hizo, wengi wakivuka reli au wakiponyoka mlangoni. Nauli rahisi imewafungulia watu mji. Reli yenyewe haijaongezeka kwa kasi ya watu hao. Hapo ndipo penye kidonda.

Sasa, ile sehemu ya gharama ambayo abiria hailipi, nani anailipa? Mzigo. Karibu theluthi mbili ya mapato ya shirika hutokana na shehena, na karibu nusu ya shehena kwa uzito ni makaa ya mawe. Mwaka wa fedha 2023/24 reli ilibeba tani bilioni 1.59. Treni moja ya makaa ina mabehewa yanayokaribia 60, nayo inatoka machimbo ya Jharkhand, Odisha au Chhattisgarh kwenda kwenye mitambo inayozalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Kwa kuwa nauli ya abiria haiguswi, bei ya kubebea mzigo ndiyo iliyopandishwa mwaka baada ya mwaka. Makaa yanafika mtamboni yakiwa ghali, umeme nao unabeba gharama hiyo. Fundi cherehani wa Ludhiana ambaye hapandi treni kabisa anachangia safari ya mwenzake kila anapolipia umeme wa cherehani yake.

Makaa hayana pa kukimbilia. Hakuna malori ya kubeba tani zote hizo. Bidhaa nyingine zilikuwa napo, zikakimbia. Baada ya uhuru zaidi ya asilimia 80 ya shehena ya nchi ilisafiri kwa reli. Leo ni chini ya theluthi moja. Vitambaa, majokofu, mboga na dawa vimehamia barabarani. Na bei siyo sababu pekee, ipo na saa ya kufika. Treni ya mizigo ikiwa njiani na treni ya abiria ikaja nyuma yake, ya mizigo huingizwa kwenye njia ya kupishana isubiri. Ikipita hiyo, inakuja nyingine. Kwa miaka mingi wastani wa mwendo wa treni za mizigo umekuwa kama kilomita 25 kwa saa. Anayelipa ndiye anayepisha.

Hapa sasa tunaigusa WL 47 yenyewe. Ukiunganisha Delhi, Mumbai, Chennai na Kolkata kwa mistari ya pembeni na miwili ya kukatiza katikati, utapata njia ambazo ni kama asilimia 16 tu ya urefu wa mtandao, lakini zilikuwa zikibeba zaidi ya nusu ya abiria na zaidi ya nusu ya shehena. Kwenye njia hizo kununua mabehewa mapya hakutatui jambo, maana huna mahali pa kuyapitisha: treni zimefuatana asubuhi hadi asubuhi, kila moja na dakika zake. Hata fundi wa njia anayetaka saa mbili za kukaza reli huzipigania. Jioni ya tarehe 2 Juni 2023, karibu na stesheni ya Bahanaga Bazar wilayani Balasore, Coromandel Express iliyokuwa ikienda kasi ilielekezwa kwenye njia ya kupishana palipokuwa na treni ya mizigo imesimama. Watu karibu 300 walikufa. Uchunguzi ulikuta nyaya za mfumo wa ishara ziliunganishwa vibaya wakati wa matengenezo. Nalitaja kwa sababu tunaposema njia imejaa, tunasema pia kwamba kosa dogo la fundi halina pa kupotelea.

Lakini kwa nini kila kitu kilirundikana kwenye njia hizo chache, na nchi ina kilomita nyingine maelfu kwa maelfu?

Upana

Tarehe 16 Aprili 1853 treni ya kwanza ya abiria iliondoka Bori Bunder, Bombay (Mumbai ya leo), kwenda Thane, kilomita 34, mabehewa 14, wageni 400 hivi, ikivutwa na vichwa vitatu vilivyopewa majina Sahib, Sindh na Sultan. Reli zilijengwa na makampuni ya Uingereza ambayo wenye hisa wake walihakikishiwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Faida isipofika, mlipa kodi wa India anajazia. Mjenzi mwenye dhamana hiyo hana haraka ya kubana matumizi. Na njia zilifuata mahitaji ya mtawala: kutoka bandarini kwenda kwenye pamba, kwenye makaa, kwenye kambi za jeshi.

Jambo moja waliloamua siku zile linaishi mpaka leo, nalo ni upana: umbali kati ya chuma hiki na chuma kile. Uingereza kwenyewe ni milimita 1,435, upana ule ule wa reli zetu mpya za kisasa. Gavana mkuu Dalhousie alitaka kipana zaidi kwa ajili ya India, akapendekeza futi 6. Wakubwa wake London wakakubaliana na futi 5 na inchi 6, yaani milimita 1,676. Ni upana mkubwa kuliko karibu wote unaotumika duniani. Pakistan, Bangladesh na Sri Lanka wanao kwa urithi, Argentina na Chile wanao, na treni za mjini San Francisco vilevile.

Reli pana ni nzuri na ni ghali. Mwaka 1870 serikali ya gavana mkuu mwingine, Lord Mayo, ikiwa na hazina nyembamba, iliamua kwamba njia zinazofuata zijengwe kwa mita moja. Kwa nini mita, watu wa futi na inchi? Kwa sababu ilidhaniwa India inaelekea kutumia vipimo vya mita. Vipimo havikubadilika wakati ule, reli ikabaki. Halafu milimani, na kwa baadhi ya watawala wa kienyeji, zikajengwa nyembamba zaidi: Darjeeling mwaka 1881 kwa milimita 610, Kalka hadi Shimla mwaka 1903 kwa milimita 762. Hizo mbili ni Urithi wa Dunia leo, pamoja na ya Nilgiri, na anayezipanda anafurahia kila kona. Lakini kwa mtandao mzima zilikuwa sehemu ya tatizo: nchi moja, mapana manne, na behewa la njia hii haliwezi kugusa njia ile.

Ukitaka kujua maana yake, fuata gunia. Limepakiwa kwenye behewa la njia pana, likafika mahali chuma kinapobadilika. Wachukuzi wanalishusha mgongoni, wanalivusha jukwaa, wanalipandisha kwenye behewa dogo la njia ya mita. Gunia moja baada ya jingine, treni moja baada ya nyingine, na mabehewa matupu yakisubiri pande zote mbili. Wakati wa vita vya Burma, walivyopigana hata askari wetu wa Keya, mahitaji ya jeshi kwenda Assam yalikwama hivyo hivyo: njia pana kutoka Kolkata, kushusha na kupakia Parbatipur, njia ya mita, kisha kivuko kwenye mto Brahmaputra kwa kuwa daraja halikuwapo. Mwaka 1944 jeshi la Marekani lilichukua lenyewe uendeshaji wa sehemu ya njia hiyo.

Na hii mita moja ndiyo iliyofika kwetu. Reli ya Uganda ilipoanza Mombasa mwaka 1896, ilijengwa kwa upana wa njia za mita za India ili itumie vifaa vilivyokwisha kuzoeleka huko, vichwa vya treni vilivyotumika vikiwemo. Watu nao wakaletwa: wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, ambao kama 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijafika ziwani mwishoni mwa 1901. Kila ukiona reli ya zamani pale Nairobi au Voi, unaona uamuzi wa hazina ya Calcutta (Kolkata ya leo) wa mwaka 1870.

Mwaka 1947 nchi ikakatwa vipande, reli ikakatwa nayo. Njia ya kwenda Assam ilipita ndani ya Pakistan ya Mashariki (Bangladesh ya leo), kwa hiyo jimbo zima likabaki kama kisiwa. Wahandisi walipitisha njia mpya kwenye ukanda mwembamba wa Siliguri, wakavuka mito inayohama kila masika, na treni za abiria zikaanza Januari 1950. Kazi ngumu kama hiyo kufanywa kwa miaka miwili na serikali changa ni jambo ambalo kila nikilisoma naona halipewi heshima yake. Halafu kuanzia 1951 mifumo 42 ya reli, ya makampuni na ya watawala wa kienyeji, ilikusanywa chini ya shirika moja na kugawanywa kanda sita. Sasa ni 17, na ya kumi na nane ilishatangazwa.

Jina likawa moja. Chuma hakikuwa kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu kilomita 23,000 zilikuwa bado za mita. Hizo ndizo kilomita ambazo hazikuweza kuzipunguzia mzigo njia za Delhi–Mumbai wala Delhi–Kolkata. Treni ya makaa haiwezi kukwepa msongamano kwa kuzunguka Rajasthan ikiwa njia ya Rajasthan ina upana mwingine. Ndiyo sababu kila kitu kilirundikana.

Mwaka 1992 ulianza mpango wa kuugeuza mtandao wote kuwa wa upana mmoja, ule mkubwa. Neno kugeuza linaficha kazi. Huvuti chuma kikasogea. Unang'oa mataruma yote, unapanua tuta, unakata mlima kwenye kona kwa kuwa treni kubwa haipindi kama ndogo, unachimba upya mahandaki, unaimarisha madaraja, unabomoa majukwaa ya stesheni. Na kwa muda wote huo njia imefungwa. Miji inayotegemea treni hiyo haina treni. Njia ya Lumding hadi Silchar, kwenye milima ya Assam, iliidhinishwa 1996 na ikakamilika 2015. Mtoto aliyezaliwa mradi ukianza alikuwa kidato cha mwisho ulipokwisha.

Sisi tulichagua tofauti. Kenya na Tanzania zimejenga njia mpya za milimita 1,435 kando ya zile za mita, na za zamani zikaachwa zifanye kazi zake. Ni rahisi zaidi kujenga, huwafungii watu usafiri. Lakini kontena la kwenda Uganda linalofika Naivasha kwa reli mpya huhamishiwa kwenye reli ya zamani, au kwenye lori, ndipo liendelee hadi Malaba. Kreni imechukua nafasi ya mgongo wa mchukuzi, tatizo ni lile lile la Parbatipur. Ningependa wapangaji wetu waisome historia ya India kwa sura hiyo kabla ya kuchora kipande kinachofuata.

Njia ya mizigo peke yake

Upana ulipokaribia kuwa mmoja (njia za mita zimebaki vipande vichache), na umeme ukasambazwa hadi karibu njia zote pana, kazi iliyoanza Bombay tarehe 3 Februari 1925, ndipo India ilipoweza kuligusa tatizo la anayelipa kupisha. Imejenga njia mbili za mizigo tu. Ya mashariki, kilomita 1,337, inatoka Ludhiana hadi Sonnagar huko Bihar, kuelekea kwenye makaa. Ya magharibi, kilomita 1,506, imepangwa kutoka Dadri karibu na Delhi hadi bandari ya Jawaharlal Nehru jirani na Mumbai. Sehemu kubwa inatumika.

Hapa ule upana wa Dalhousie unalipa, baada ya zaidi ya miaka 150. Behewa linalokaa kwenye milimita 1,676 halitetereki kirahisi, kwa hiyo kwenye njia ya magharibi makontena hupakiwa mawili kwenda juu, moja juu ya jingine, kwenye behewa bapa, na bado treni inavutwa kwa umeme: waya umeinuliwa zaidi ya mita 7 kutoka kwenye reli. Kila treni ya mizigo inayohamia huko inaacha dakika zake kwenye njia ya zamani. Dakika hizo ndizo vitanda. Mabehewa mapya na treni mpya za Vande Bharat, zilizoanza Februari 2019 kati ya New Delhi na Varanasi, huonekana zaidi kwenye picha. Mimi nikitaka kujua kama WL 47 itapungua, natazama treni za makaa zinapita wapi.

Yapo na mapya ya kuunganisha penye shida ya ardhi. Reli ya Konkan, iliyoongozwa na mhandisi E. Sreedharan na kukamilika 1998, imetoboa pwani ya magharibi kwa mahandaki 90 na ushee na madaraja yapatayo 2,000, na hubeba hadi malori mazima juu ya mabehewa. Daraja la Chenab, mita 359 juu ya mto, lilifunguliwa Juni 2025 na kuiunganisha Kashmir na mtandao wa nchi. Kote huko ni upana ule ule, kwa hiyo behewa la Kanyakumari linaweza kufika bonde la Kashmir bila mtu kushusha gunia.

Kuna mradi mmoja hauko hivyo. Kati ya Mumbai na Ahmedabad inajengwa njia ya treni ya mwendo kasi, kilomita 508, kwa teknolojia ya Japani, na jiwe la msingi liliwekwa Septemba 2017. Japani hujenga Shinkansen kwa milimita 1,435, basi na hii ni 1,435. Zipo sababu za kihandisi: treni, swichi, ishara na vipimo vyote vilishajaribiwa kwa upana huo kwa miaka mingi, na kuvibadilisha ni kuanza upya. Hata Delhi, ambako treni za mjini zilianza mwaka 2002 kwa reli pana, njia zilizofuata baadaye zilihamia kwenye upana huo mdogo kwa sababu zinazofanana. Nazielewa. Ila treni hiyo ya kasi haitaweza kutoka kwenye njia yake hata hatua moja.

Huko Ahmedabad, stesheni ya mwisho ya treni ya kasi inajengwa Sabarmati, ubavuni mwa stesheni ya zamani ya Sabarmati. Hapo limesimamishwa jengo kubwa la ghorofa lenye madaraja ya watembea kwa miguu kuelekea kila upande. Abiria atakayetoka Mumbai akienda Rajasthan atashuka hapo, atabeba mizigo yake, atavuka daraja, na kusubiri treni nyingine upande wa pili.